Karatasi Zilizokatwa Chini

Karakanani, 6 Februari

Kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama yako miguu bado inamvimba jioni, na macho ndiyo usiseme: siku hizi hata chupa ya dawa ananipa mimi nimsomee. Anauliza kama uliipata barua yake, ile aliyoniomba nimwandikie baada ya kumzika Baba Mkubwa. Nimemwambia huenda uliipata ukabanwa na kazi. Mimi mwenyewe nimekupigia simu mpaka nimeona aibu, hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Biashara ya kuandika vibao imelala. Yule jamaa wa stika aliyefungua duka mkabala na stendi amezoa wateja wote: muuza vyuma, fundi cherehani, hata kinyozi ambaye baba yako alimwandikia kibao bure. Imebaki kazi moja tu ya maana. Hospitali imejenga jengo jipya, wanataka mtu wa kuandika jina la getini na vibao vya milango yote. Msimamizi wao ni mtu wa kuchagua. Ametaka mimi na jamaa wa stika tupeleke kila mmoja kibao cha mfano mwisho wa Aprili, na mimi akaniambia wazi kwamba herufi zangu zinapendeza lakini ni za kizamani, niangalie wenzangu duniani wanafanyaje.

Niangalie wapi? Simu yangu ni ya vitufe. Wewe uko kiwanda cha kuchapa vitabu, kompyuta iko mbele yako kutwa, na nasikia mtandaoni kuna watu wanafundisha herufi kama vile wanavyofundisha kupika. Nitafutie mifano na masomo, yachapishe kwenye karatasi, nitumie kwa basi. Kazi hii nikiikosa, nafunga. Na unakumbuka Baba Mkubwa alivyosema mbele yetu sote: karakana ni yangu mradi iwe inafanya kazi, siku nikiifunga ufunguo ni wako. Sikuandikii hayo kukutisha, nakueleza tu nilivyobanwa.

Nisaidie, kaka.

Mdogo wako


Kiwandani, 27 Februari

Mdogo wangu mrithi,

Barua yako imefika. Mimi mzima, kazi inakwenda, na chumba ninachokaa sasa kina dirisha. Mwambie mama anywe dawa kwa wakati. Simu sipokei kwa sababu mkipiga nyie wa nyumbani hamna habari, mna shida tu, na shida za watu ni afadhali nizisome nikiwa nimeshiba.

Kwa hiyo mtoto wa baba mdogo kapewa karakana ya baba yangu, na sasa anamwomba mwenye baba amfundishe kazi. Nimecheka peke yangu mpaka mkuu wa zamu akaja kuuliza kuna nini. Lakini usijali. Nitakusaidia, wewe si dada yangu?

Huko mtandaoni, mdogo wangu, ni dunia nyingine. Kuna kurasa ambako watu wa nchi zote wanaweka picha za vibao, mabango na majalada ya vitabu vya kale, ukikaa hapo unasahau kula. Kuna maktaba zimepiga picha vitabu vya zamani vya wachapaji, ukurasa kwa ukurasa, na kutazama ni bure. Kuna walimu wanaojirekodi mkono tu, unachora herufi S peke yake tangu mwanzo hadi mwisho wa video. Na kuna kibaraza cha wanafunzi ambako unaweka kazi yako, wenzako wanaichambua hadi unatamani ungezaliwa mkulima. Huko ndiko nilikojifunza mimi, wala hakuna aliyenichapa rula vidoleni.

Nimekuwekea kurasa za somo la nafasi. Kanuni ni moja, ishike. Nafasi kati ya herufi na herufi inapimwa kwa rula, sawasawa, kila mahali. Na herufi zote ziwe na kimo kimoja, O isizidi N hata kwa unywele. Ile michezo ya mzee, kufumba jicho moja na kurudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka, ni uganga.

Kaka yako


Karakanani, 14 Machi

Kaka,

Hujambo na kazi? Huku hatujambo. Mama Mkubwa alifurahi kusikia umepata dirisha, akaniuliza linaangalia wapi. Hukuandika, nikamwambia linaangalia barabarani. Amepata mafua lakini yanapungua.

Asante sana kwa karatasi. Nimezitundika juu ya meza na kila asubuhi nafanya zoezi kabla sijafungua mlango. Yale uliyoeleza ya maktaba na video, siachi kuyawaza. Nikipata kazi ya hospitali nitanunua simu ya maana nijionee mwenyewe.

Ila nikuulize, usinicheke. Jicho langu linakataa. Baba Mkubwa alinifundisha kwamba O lazima ichomoze kidogo juu na chini ya mstari, kwa sababu duara likilingana na N kwa rula linaonekana limesinyaa. Na W ikikaa na A unazisogeza karibu, maana zote mbili zimelala upande, ukiziacha kwa kipimo cha kawaida katikati panakuwa na shimo. Nimepima kwa rula kama ulivyosema, nikaandika neno WODI YA WAZAZI, nikarudi nyuma. Nimeliona shimo, kaka. Nikapima tena, vipimo ni sawa kabisa. Sasa kinachodanganya ni rula au ni mimi?

Halafu hizi karatasi zote zimekatwa chini kwa mkasi. Kuna sehemu imebaki?

Mdogo wako


Kiwandani, 25 Machi

Mrithi,

Salamu kwa mama. Dirisha linaangalia ukuta.

Nilikata matangazo. Tovuti za bure zimejaa matangazo ya dawa za kunenepa, nikaona nisikusumbue akili. Usiulize mambo ya mkasi, uliza mambo ya herufi.

Kinachodanganya ni wewe. Jicho lako limeharibiwa na mtu mmoja aliyejifunzia ukutani, na yeye hakufundishwa na mtu. Niliwahi kuweka maneno ya mzee kwenye kile kibaraza, kwamba O inachomoza na W inasogezwa, bila kusema ni baba yangu. Watu wa nchi tano walicheka. Mmoja aliandika kwamba mwalimu huyo angefaa kupaka rangi mabanda ya kuku. Unataka msimamizi wa hospitali naye acheke?

Shida yako ni zile mbao za alfabeti alizozitundika ukutani. A mpaka Z, kubwa na ndogo, na tarakimu zake. Unaziangalia kutwa, halafu unajiuliza kwa nini jicho halibadiliki. Zipake rangi nyeupe zote. Ukishazipaka, fanyia mazoezi juu yake, mbao zenyewe ni nzuri. Huwezi? Basi endelea na uganga, na mimi usinitumie tena barua.

Kaka yako


Karakanani, 8 Aprili

Kaka yangu,

Natumaini hujambo. Mafua ya Mama Mkubwa yamekwisha, miguu ndiyo ile ile.

Nimezipaka. Ilinichukua siku nzima kwa sababu nilikuwa naweka brashi chini, nashika tena. Ya herufi ndogo niliiacha mwisho. Unaijua ile g yake yenye mkia uliojikunja kama paka aliyelala, ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuiandika? Hiyo niliipaka nikiwa nimeangalia pembeni. Mama Mkubwa alikuja kuniletea chai akanikuta. Haoni vizuri lakini weupe wa ukuta mzima aliuona. Aliuliza, "Zimeenda wapi?" Nikamwambia ni wewe umeshauri, kutoka kwenye masomo. Akasema, "Kama ni yeye kasema, sawa," akaweka chai mezani akaondoka.

Nimejipiga moyo konde. Kibao cha mfano nakiandika wiki ijayo, kwa rula, kimo kimoja, kama karatasi zako. Kama unajua kitu kingine chochote, hata kidogo, niandikie kabla sijaanza. Niko chini ya miguu yako.

Mdogo wako


Karakanani, 3 Mei

Kaka,

Sisi wazima. Barua yangu ya mwisho hukuijibu, nadhani ilichelewa njiani.

Nimeikosa kazi. Nilipeleka kibao, msimamizi akakisimamisha kwenye kiti cha wagonjwa na watu wa ofisini wakaja kukiangalia. Kisha muuguzi mmoja mtu mzima akasema, "Mbona kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno?" Wakacheka wote, hata mimi nilicheka, sijui kwa nini. Msimamizi aliniuliza polepole, "Mama, wewe ndiye uliyemwandikia muuza vyuma? Ile ilikuwa nzuri. Hii umeifanyaje?" Nikamwambia nimejifunza mtandaoni. Akasema pole. Kazi wamempa jamaa wa stika.

Nimemlipa fundi seremala aliyenikatia mbao ya kibao, nimeosha brashi, nimefunga. Ufunguo nimempa Mama Mkubwa akutunzie, kama alivyosema Baba Mkubwa. Sina kinyongo, ulijaribu. Huenda ni mimi sikuzielewa zile karatasi.

Mdogo wako


Kiwandani, 6 Mei

Mdogo wangu,

Umeona, hii sijachelewesha.

Pole sana kwa yaliyokukuta. Si kila mtu kaumbiwa herufi. Mzee alikuwa na moyo laini kwa watoto wa wenzake, akakubebesha mzigo usiokufaa, na mimi sikutaka kukuambia mapema nikakuvunja moyo. Unaweza kujaribu kushona, au kuuza vocha.

Ufunguo usikae na mama, ataupoteza. Ufunge kwenye karatasi, mpe dereva wa basi la Ijumaa. Jamaa wa stika ameshanipigia, anataka kuipanga karakana aweke mashine yake ya pili. Simu yake niliipokea ilipoita mara ya kwanza tu.

Kaka yako


Kiwandani, 19 Julai

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Mama hajambo? Miguu yake je, na macho? Nimewaza sana habari zenu. Nimetuma kitambaa kizuri cha mama kwa basi la jana, ulizeni pale stendi. Wewe chagua rangi unayoipenda, nami nitakutumia chako.

Nina habari. Mwezi uliopita kwenye kile kibaraza cha mtandaoni waliomba kila mtu aweke picha ya maandishi ya kwao. Nikaweka ile picha ya zamani, mimi na mzee tumesimama chini ya kibao cha karakana. Niliiweka hivi hivi tu, kujaza nafasi. Dada, kibaraza kizima kilihamia hapo. Watu walioandika vitabu vya somo hili wanauliza aliyechora ni nani. Mmoja ameikuza O ya mzee, akapiga mistari juu na chini, akawaonyesha wanafunzi wake jinsi inavyochomoza. Mwingine kaandika kwamba amefundisha maisha yake yote na hajaona W na A zimekaa pamoja hivyo.

Kampuni moja inayotengeneza fonti, yaani herufi za kompyuta, imeniandikia. Wanataka alfabeti yote, kubwa na ndogo, na tarakimu, waifanye fonti, nayo itoke na jina langu kama mwana wa mwandishi. Ni jambo ambalo mtu wa kiwandani kama mimi halipati mara mbili. Lakini kibao kile kina herufi chache, na vibao vyake vingine mjini vimebandikwa stika juu. Nilikuja karakanani wiki iliyopita. Sikupita nyumbani, nilikuwa na haraka. Nilizitoa zile mbao nyeupe nikazikwangua, kwanza kwa kisu, kisha kwa dawa ya kuondolea rangi. Zimetoka rangi zote mbili pamoja. Nilikaa pale chini nikiwa na mbao tupu.

Sasa mkono wa mzee umebaki kwako peke yako. Ulikaa naye, uliiga kila herufi, hata ile g. Niandikie alfabeti yake kwenye karatasi, ukubwa wowote, unitumie. Usitumie rula, fanya vile alivyokuwa anafanya, kwa jicho. Nitawaambia wakuweke mahali kwenye shukrani. Na ukitaka karakana tunaweza kuongea, jamaa wa stika si mtu wa kudumu.

Usinijibu kwa hasira, kama kuna hasira. Najua wewe si mtu wa hivyo.

Ndugu yako


Nyumbani, 11 Agosti

Kaka,

Tumepokea salamu zako na kitambaa. Mama Mkubwa hajambo. Kwa macho yake sasa anatofautisha mwanga na giza tu, lakini masikio yako vizuri kabisa.

Barua yako ilinifurahisha nikataka nimwone Baba Mkubwa akisifiwa. Nikaenda kwenye duka la intaneti, nikamwomba mwenye duka anitafutie kile kibaraza. Tumekipata. Nimeiona picha, nimeona wanavyoishangaa O. Nikamwambia, hebu nitafutie na somo moja la nafasi, lina mfano hivi na hivi, nikampa zile karatasi zako. Hakuchukua muda. Kila mfano una ndugu yake, kaka. Mmoja una alama nyekundu ya kosa chini yake, na pembeni kuna mwingine wenye alama ya kijani ya sahihi. Wewe ulinitumia ile ya makosa tu, ukakata alama. Hata mtoto asiyejua lugha ile ya kigeni angeelewa. Nililia pale kwenye kiti, mbele za watu wanaocheza michezo ya magari, na mwenye duka akaniletea maji.

Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikashukuru. Nilimfuta mtu aliyenilea kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu wewe ulisema. Wale watu wa nchi tano waliocheka nimewatafuta kwenye kibaraza, na mwenye duka amenisaidia kutafuta. Hawapo. Kabla ya picha ile hukuwahi kuandika neno lolote kuhusu baba yako. Yule wa mabanda ya kuku alikuwa ni wewe.

Unataka alfabeti. Ninayo yote, na ile g imetoka juzi kama yake, nikaikodolea macho mpaka nikaogopa. Herufi hizo naziandika kwenye vibao vya watu, zitaonekana na wapita njia. Kwako sitaandika hata nukta. Hii barua yenyewe nimemlipa mwenye duka aipige kwa mashine, usije ukachukua mwandiko wangu ukawapelekea.

Unachotaka kujua, najua, ni kama nimemwambia mama yako. Aliniomba nimsomee barua yako ya Julai mara tu ilipofika, nikamsomea salamu tu, akafurahi kusikia umeniita mpendwa. Niliporudi kutoka dukani nikamsomea barua zako zote, kwa mpangilio wake, na zangu pia nilizoziweka nakala. Pale uliposema ulifika karakanani ukarudi bila kupita nyumbani, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena, nikarudia. Akauliza kutoka karakana mpaka hapa ni mwendo gani, kana kwamba hajaishi hapa miaka yote. Nikamwambia ni kuvuka barabara.

Chakula kilipoa mbele yake. Kisha akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwako, kile ambacho tangu uondoke anakifagia mwenyewe kila Jumamosi na hamruhusu mtu kulala humo. Akafungua dirisha. Akasema, "Hapa mwanga unakutosha kuandikia?" Nikasema unatosha. Tukatoa kitanda chako sisi wawili, yeye upande wa miguu, na mbao zake nimezipiga msasa. Ni mbao nzuri sana, kavu, nimeshaandikia vibao viwili na vyote vimepata wenyewe. Nguo zako alizipa kanisa la jirani na msikiti wa jirani, nusu kwa nusu, asije akalaumiwa. Kitambaa ulichotuma ndicho ninachofutia brashi.

Nimemuuliza kama ana salamu za kukuandikia. Amesema andika kwamba yeye ana mtoto mmoja, na anamshukuru Mungu anamsomea.

Mtoto wa baba mdogo